Sefu ya kilo 20 inatosha kweli?

Swali: Wakuu, nina sefu ya kilo 20 yenye pesa taslimu, hati ya nyumba na vyeti. Iko kabatini tu. Nifanyeje isibebwe?

Jibu: Hiyo mwizi anaitia begani, anaenda kuivunjia kwake. Ifunge kwenye zege, si kwenye ubao wa kabati. Angalia chini au nyuma, nyingi zina matundu ya bolti. Tumia bolti za kutanuka za milimita 10 au 12, toboa sentimita 7 hadi 8, kisha puliza vumbi lote. Vumbi likibaki, bolti inazunguka tu bila kushika. Usitoboe ukingoni, zege litapasuka. Nati zikazwe kwa ndani ya sefu, mlango ukifungwa zisionekane.

Jibu: Na namba ya siri ya kiwandani ibadilishwe leo leo. Ufunguo wa dharura usiuache humo ndani, betri ikiisha umekwisha! Wala usiufiche droo ya pembeni, ndiko wanakoanzia.

Jibu: Chuma kitupu hakizuii moto, karatasi zitaungua humo humo. Sefu ya kuzuia moto nayo hushika unyevu, kwa hiyo hati ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu. Nakala weka nyumba nyingine.