Kusafisha vito nyumbani: bangili za dhahabu ya karati 21, pete ya tanzanaiti, nusu-lulu na fedha ya zamani

Binti_Fumba

Wakuu, habari za humu. Naomba mwongozo wa kusafisha vito nyumbani bila kuviharibu. Vilivyopo ni hivi:

Bangili sita za dhahabu zenye mhuri 875 (karati 21), zina nakshi na uchafu umejaa kwenye mitaro yake. Pete ya dhahabu nyeupe yenye mhuri 750, tanzanaiti katikati na almasi ndogo pembeni. Jiwe limefifia na upande wa kiganjani pete imeanza kuwa ya manjano. Hereni za nusu-lulu za Unguja. Na banagiri (aina ya bangili) ya fedha ya Kiomani ya zamani, imeshika weusi.

Wengine wanasema dawa ya meno, wengine limau na chumvi, wengine jiki kidogo kwenye maji. Lipi ni sahihi? Na kuna mtu anauza ile mashine ya mtetemo, unaweka maji unabonyeza kitufe. Inafaa kununua?

Fundi_Karati

Dada, jiki iweke mbali, hata tone moja usitie. Dhahabu yenyewe ni ngumu kuliwa, shida iko kwenye madini iliyochanganywa nayo. 875 maana yake katika sehemu 1,000, dhahabu ni 875 na zilizobaki ni shaba na fedha. Pete yako ya 750 ina robo nzima ya madini mengine, na kwa dhahabu nyeupe mara nyingi ni nikeli au paladi. Klorini iliyomo kwenye jiki inapenya katikati ya chembe na kula hayo madini mengine, hasa pale madini yalipokunjwa yakabaki na mkazo. Pahala penyewe ni meno yanayoshika jiwe. Kwa nje pete itaendelea kung'aa, ila jino linakuwa kama kijiti kikavu. Siku ya siku linakatika, jiwe limekwenda na hujui limeangukia wapi. Kwa hiyo pete hiyo ivue pia unapofua nguo nyeupe, unaposugua choo, na kabla ya kuingia kwenye bwawa la kuogelea.

Dawa ya meno nayo hapana. Chembe zake zimewekwa kwa ajili ya kusugua jino, ambalo kwa kipimo cha ugumu cha Mohs liko kwenye 5. Dhahabu iko 2.5 hadi 3, karibu sawa na ukucha wako. Ukisugua utaona imeng'aa kwa sababu umeondoa ngozi ya juu pamoja na uchafu, halafu baada ya wiki chache inakuwa na ukungu wa mikwaruzo midogo isiyotoka mpaka ipigwe msasa na sonara. Kwa bangili yenye nakshi, kila msasa mmoja unapunguza mchoro.

Bangili zako zinataka hivi tu. Nusu lita ya maji ya uvuguvugu kwenye bakuli la plastiki, matone matano ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tandika kitambaa chini ya bakuli ili zisigongane, na ziloweke dakika 20. Uchafu ulio kwenye mitaro ni mafuta ya ngozi, losheni, vumbi na unga wa chapati ulioshikana; usipoulowesha kwanza utaishia kuusukuma ndani zaidi. Kisha mswaki laini wa mtoto, mpya, sugua ukifuata mchoro ulivyo, usikate mchoro kwa upana. Suuza kwenye bakuli la pili, si kwenye sinki. Kama lazima utumie bomba, weka chujio la chai chini.

Kuna watu wanatumia sabuni ya kipande. Ukiwa na maji ya kisima yenye chumvi, sabuni ya kipande inaacha utando mweupe ndani ya nakshi, na mtu anadhani dhahabu imechujuka. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa. Kausha kwa kipande cha fulana iliyofuliwa mara nyingi. Taulo lina vinyuzi vinavyonasa kwenye meno ya pete.

Kito_Mererani

Naongezea kwenye pete, maana hapo ndipo watu wengi wanapopata hasara.

Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 tu. Vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni madini ya kwazi (quartz), ambayo ni 7. Kwa hiyo ukichukua kanga kavu ukapangusa jiwe kavu, unalipiga msasa kwa mchanga. Angalia jiwe chini ya taa kwa kuliinamisha: kama kingo za vipande vilivyokatwa zimekuwa butu na zina weupe mwembamba, huo ni mchakao wa aina hiyo, na hautoki kwa sabuni. Daima lowesha kwanza, vumbi lielee, ndipo uguse.

La pili, jiwe hili lina mkondo mmoja ambao likipigwa au likishtuliwa na joto linapasuka kwa urahisi, kama kuni iliyonyooka. Ndiyo maana jibu la mashine ya mtetemo ni hapana. Mtetemo ukikuta ufa mdogo usioonekana kwa macho unaumalizia. Mvuke nao ni hivyo hivyo. Usilitoe kwenye maji ya moto ukalitia kwenye baridi. Pima maji kwa kiwiko kama unavyopima ya kumwogesha mtoto, na maji ya kusuuzia yawe na joto lile lile.

Mashine hiyo inafaa dhahabu tupu isiyo na jiwe, na almasi ambayo nyufa zake hazikujazwa kitu na meno yake ni mazima. Usitie zumaridi, kwa kuwa karibu zote zimenyweshwa mafuta kuficha nyufa. Mtetemo na maji ya moto vinayatoa, na nyufa zinajitokeza. Usitie opali, lulu, feruzi wala marijani.

Kufifia kwa jiwe lako kuna uwezekano mkubwa ni mafuta yaliyoganda *nyuma* ya jiwe, si mbele. Mwanga unaingia kwa mbele, unagonga pande za chini na kurudi machoni. Pale chini pakiwa na losheni, haurudi. Almasi ndiyo mbaya zaidi, inavuta mafuta kuliko jiwe lolote. Migodini hata walitumia tabia hiyo: mawe yaliyosagwa yanapitishwa na maji juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yanateleza, almasi inanasa. Sasa fikiria pete yako na mafuta ya nazi ya kila asubuhi. Loweka dakika 10 hadi 15, geuza pete kichwa chini, ncha ya mswaki iingie kwenye tundu lililo chini ya jiwe, sugua polepole, suuza, rudia. Ukiona maji yamekuwa ya kijivu, ndicho chenyewe kinatoka.

Kabla ya kuitia majini fanya vipimo viwili. Itikise karibu na sikio: ukisikia mlio mdogo, jiwe limelegea, ipeleke kwa sonara ikiwa kavu. Uchafu wakati mwingine ndio ulioshikilia jiwe, ukiuosha linachomoka. Halafu pitisha uzi wa pamba juu ya meno. Ukinasa, jino limenyanyuka.

Fundi_Karati

Nilisahau umanjano. Huo si uchafu, usiusugue. Dhahabu nyeupe karibu daima inapakwa rodiamu juu ili iwe na weupe mkali, na tabaka hilo ni jembamba mno. Upande wa kiganjani ndio unaosuguana na usukani, mpini wa ufagio na sufuria, kwa hiyo huisha kwanza. Kwa pete ya kila siku huchukua mwaka mmoja au miwili hivi. Sonara anaichovya upya. Mwambie mapema kuwa jiwe ni tanzanaiti, maana maandalizi ya kuchovya huwa na mashine ya mtetemo na mvuke, na fundi asiyejua jiwe atalitia tu.

Mzee_Ukwaju

Wakuu mbona asidi kama limau mmezipita kimya? Masonara tangu zamani wanatumia ukwaju na limau, na dhahabu inatoka safi kabisa. Fedha na shaba ndiyo usiseme.

Fundi_Karati

Mzee wangu, ni kweli, ila tazama wanaitumia lini. Fundi akishalehemu, moto unaacha weusi wa shaba juu ya dhahabu. Asidi inakula weusi huo, na wakati huo kito hakina jiwe. Anakiosha vizuri, ndipo anapandika mawe. Bangili ya nyumbani haina weusi wa moto, ina mafuta, na limau haliyeyushi mafuta ya losheni kama sabuni inavyofanya. Ukitia na chumvi juu yake unarudi kule kule kwa dawa ya meno, umesugua kwa chembe ngumu.

Kwa bangili tupu limau halitaleta maafa. Kwa lulu litaleta. Na yapo marubi mengi sokoni ambayo nyufa zake zimejazwa kioo. Maji ya limau yanakula kile kioo na kuacha mistari myeupe juu ya jiwe, haitengenezeki.

Chaza_wa_Bweleo

Kuhusu nusu-lulu, sikiliza vizuri dada, hizi hazilowekwi hata kidogo. Nusu-lulu inakua ikiwa imeshikamana na gamba la chaza. Ikivunwa inakatwa, ndani inajazwa utomvu maalumu, kisha inafungwa kwa nyuma kwa kipande cha gamba na gundi. Ukiloweka, maji yanapita kwenye mshono ule. Gundi inalegea, au uchafu unaingia ndani na lulu inapata kivuli cheusi kisichofikika.

Ngozi ya lulu ni kalsiamu kaboneti, jamaa mmoja na chaki na jiwe la matumbawe. Dondosha siki juu ya ganda la yai uone linavyotoa povu. Ndicho kinachotokea kwenye lulu, kwa taratibu zaidi. Jasho lina asidi kidogo, marashi yana spiriti. Kwa hiyo jipulizie, jipake, jifukize udi, subiri vikauke, ndipo uvae hereni. Ukirudi nyumbani zivue kabla ya kitu kingine chochote.

Kusafisha: kitambaa laini kilicholoweshwa maji safi kikakamuliwa mpaka hakidondoshi. Pangusa juu tu, bila kukaza, kisha kingine kikavu. Kama pana alama ya poda au mafuta, tone moja la sabuni ya mtoto kwenye kikombe cha maji, chovya kitambaa, pangusa, halafu pangusa tena kwa maji matupu. Mkufu wa lulu uliotungwa kwa uzi ulaze chini ukauke usiku kucha. Ukiuning'iniza mbichi uzi unavutika na mapengo yanatokea kati ya punje.

Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki miezi mingi. Zifunge kwenye kitambaa cha pamba, peke yake, kwa sababu dhahabu na mawe mengine yanazikwaruza.

Binti_Fumba

Asanteni sana. Banagiri je? Nimeona watu wanatumia foili ya aluminiamu na bikaboneti ya soda, inakuwa nyeupe papo hapo.

Riali_Kongwe

Hiyo njia ni ya kweli, ila si ya banagiri yako.

Weusi wa fedha ni salfa iliyoungana nayo, inatoka hewani, kwenye kitunguu, mayai, sufu na mipira ya kufungia. Kwa cheni au pete tupu ya 925, isiyo na jiwe: tandika foili kwenye bakuli la kioo, lita moja ya maji moto, vijiko vikubwa viwili vya bikaboneti (ile ya keki, si magadi ya kulainishia maharage), kijiko kidogo cha chumvi. Fedha lazima iguse foili. Dakika moja hadi tano, utasikia harufu ya yai viza. Ni salfa inahamia kwenye aluminiamu. Suuza na kausha.

Fedha ya zamani ya Kiomani ni habari nyingine. Nyingi ilitengenezwa kwa kuyeyusha riali za Maria Theresa, zile sarafu za fedha za zamani, ambazo fedha yake ni 833 katika 1,000, na ule weusi ulio chini ya nakshi ndio unaofanya mchoro usomeke. Foili haichagui: inatoa weusi wa juu na wa mitaroni pamoja, na kinachobaki ni kitu cheupe kilichokufa. Dawa za kuchovya za dukani hivyo hivyo. Pia banagiri nyingi ni wazi ndani, na nyingine zimejazwa nta au utomvu. Maji moto yanaingia kwenye vitundu vya mshono, yanalainisha kilichomo, na kinachobaki kinaozesha fedha kwa ndani.

Tumia kitambaa cha kung'arishia fedha, pitisha kwenye vile vilele tu kwa kidole kimoja, mitaro iache. Kitambaa hicho usikifue, kikiwa cheusi bado kinafanya kazi. Ukimaliza ifunge kwenye mfuko wa plastiki wa kubana pamoja na kipande cha chaki cha kunyonya unyevu, hasa ukiwa pwani. Usiizungushie gazeti wala mpira.

Binti_Fumba

Nimeosha bangili kama fundi alivyoelekeza, tano zimetoka safi. Ya sita ina doa jeupe kama fedha, ukubwa wa punje ya dengu, halitoki kwa sabuni. Ni rodiamu pia?

Fundi_Karati

Hapana dada. Bangili ya manjano kwa kawaida haipakwi rodiamu. Doa jeupe linalotokea ghafla kwenye dhahabu na halitoki, mshuku wa kwanza ni zebaki. Ni ile ile wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo kule Geita na Chunya: ikigusa dhahabu inaingia ndani yake na kuigeuza nyeupe. Nyumbani inatoka kwenye kipimajoto cha kioo kilichovunjika, na kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, ile mikorogo. Kama kuna mtu ndani anatumia krimu ya namna hiyo, aiache. Kinachobadilisha bangili kinaingia mwilini mwake pia.

Usisugue, usikwangue kwa kisu. Na usiipashe kwenye jiko la mkaa hata mtu akikwambia doa litaondoka. Litaondoka kweli, kwa sababu zebaki inakuwa mvuke, na mvuke huo ukivutwa ndani ya nyumba ni sumu ya mapafu na ubongo. Itie bangili hiyo peke yake kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, isiguse zile tano. Nawa mikono. Maji ya bakuli la kuoshea na mswaki ulioutumia usivirudishe jikoni. Ukifika kwa sonara tamka neno zebaki kabla hajaishika, ili asiipitishe motoni bila bomba la kutolea moshi.