Alizeti pembeni imejaa, katikati mapepe, shida nini wakuu?

Mkulima_Misungwi
Wakuu habari za asubuhi. Nina heka moja na nusu ya alizeti huku Misungwi, vichwa vimekuwa vikubwa nikafurahi kweli, sasa juzi nimevunja vitatu kuangalia naona mbegu za pembeni zimeshiba ila za katikati mapepe matupu, ukibinya hamna kitu ndani. Jirani anasema mbolea, mwingine anasema mbegu feki. Mi najiuliza, ua ni moja, inakuwaje upande ujae upande ugome?

Shamba_Usagara
Pole mkuu. Hapo kwenye "ua ni moja" ndo penye jibu. Kichwa cha alizeti sio ua moja, ni maua mengi yamebanana kwenye sahani moja. Chukua kinachochanua sasa hivi, chomoa vile vitu vidogo vya katikati, kila kimoja ni ua kamili lina chavua yake na linatoa mbegu moja tu, na kichwa kikubwa kinaweza kuwa na maua 1,000 na zaidi. Yale ya njano pembeni nayo ni maua ila hayazai, kazi yake kuita nyuki. Sasa hayachanui siku moja, yanaanza pembeni yanaingia ndani pete kwa pete, kama siku 5 mpaka 10 hivi, kwa hiyo ya katikati ndo ya mwisho, mvua ikikata au nyuki wakikosekana siku hizo yanabaki mapepe. Ulipiga dawa yakiwa yamechanua?

Mkulima_Misungwi
Daah nilipiga, viwavi walizidi, tena saa nne asubuhi. Na mvua ikakata wiki ileile.

Shamba_Usagara
Basi vyote viwili vimekupiga. Saa nne nyuki ndo wako kazini. Msimu ujao kagua viwavi mapema upige kabla halijachanua, ikibidi sana iwe jioni nyuki wamesharudi. Mapepe kidogo ya katikati hata shamba zuri yanakuwepo, usilaumu mbegu bado.

Ticha_Nyegezi
Naongezea wapendwa maana hii mada naipenda sana. Wanafunzi wangu huwa wanabisha kwamba mkuyu hauna maua, nikawapeleka kwenye mkuyu wa huku ziwani tukapasua kuyu changa, maua yote yako NDANI, mamia, yamegeukiana. Kuna nyigu mdogo sana anaingia kwa katundu ka mbele, anapoteza mbawa humo, anachavusha na kutaga mayai. Baadaye watoto wa kike wanatoka na chavua kwenda kuyu lingine, wale wa kiume hawana mbawa, wanatoboa njia tu wanafia humohumo. Mi hiyo habari kila nikiifundisha nasisimka.

Dada_wa_Magu
Ticha asante, kumbe! Na hii minyaa ya uzio wetu je?

Ticha_Nyegezi
Dada, jamii ya mnyaa nayo ina mtindo wake. Kile unachoona kama kaua kamoja ni kikombe, ndani kuna maua ya kiume, kila ua ni uzi mmoja tu wa chavua, na kwa mimea mingi ya jamii hiyo kuna ua moja la kike katikati. Mnyaa wenyewe mara nyingi mti mmoja unakuwa wa kiume au wa kike. Ukitaka kuchungulia usivunje tawi, angalia likiwa mtini, ule utomvu ukiingia jichoni ni hatari, na watoto wakae mbali.