MALALAMIKO: Gereji za Mwanza, mnatuandikia filta mpya ya dizeli halafu mnatufungia ileile ya zamani

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili si langu peke yangu. Kuna wizi unafanyika kwenye gereji zetu hapa Mwanza, unafanyika chini ya boneti huku mwenye gari amekaa kwenye benchi anasubiri, na tumeuzoea kiasi kwamba ukilalamika unaambiwa una roho ndogo kwa kitu cha elfu arobaini.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa. Nachukua mzigo Mwaloni, Kirumba, napeleka Sengerema na Geita. Gari langu ni Hiace ya zamani, injini ya aina inayoitwa 5L, dizeli ya pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Gari gumu, halina makuu, linataka sevisi tu. Filta ya dizeli nabadilisha kila kilomita 10,000, sisubiri gari lianze kulia. Na kila filta mpya, kabla haijafungwa, naandika ubavuni kwa kalamu ya rangi nyeupe mwezi na kilomita zilizosoma kwenye dashibodi. Tabia hiyo nimeitoa kwa marehemu baba yangu, aliyeendesha malori ya pamba enzi zake.

Sasa gari likaenda sevisi. Nikalipia oili, filta ya oili, eya klina na filta ya dizeli. Kwenye karatasi yao ya kuandika kwa mkono (risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hawakutoa) imeandikwa "filta ya dizeli orijino, 45,000" pamoja na ufundi. Dereva wangu alikuwepo na nilimwambia asibanduke. Lakini zamu ya filta ya dizeli ilipofika wakamtuma dukani akalete brekifluidi. Aliporudi akakuta filta iko mahali pake inang'aa, fundi anafuta mikono. Akatoa kalamu aandike kama nilivyomwagiza. Akaambiwa, "Tumeshafunga kaka, utaandika siku nyingine. Mwambie mama gari limekaa sawa."

Juzi tumepakia, tukaingia Daraja la JPM pale Kigongo. Tangu lifunguliwe Juni 2025 tumeachana na foleni ya kivuko, zile kilomita 3 za maji tunazivuka kwa dakika chache, na biashara yangu imepona kwa sababu yake. Tulipoanza kupanda kuelekea kwenye nguzo kubwa za katikati, gari likaishiwa nguvu. Dereva anakanyaga mafuta, gari linavuta, linaachia, linavuta, linaachia. Gia ya tatu, ya pili, mara likakata moto. Malori ya Geita yanapita ubavuni, upepo wa ziwa unapigapiga turubai, na mimi nimesimama pembeni ya daraja nashika tochi ili tusigongwe. Dereva akasukuma ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu, gari likawaka, likaenda kidogo, likazima tena. Tulitambaa hivyo mpaka Busisi.

Sengerema tukapata fundi kijana. Alichofanya yeye ndicho kila fundi anapaswa kufanya: akaweka beseni chini, akaniita nisogee, akafungua filta mbele ya macho yangu, akaigeuza mkononi. Akaniambia, "Mama, hapa kuna maandishi."

Yalikuwa mwandiko wangu. Rangi imefifia kwa kusuguliwa na petroli, lakini mwezi unasomeka na kilomita zinasomeka. Ni filta niliyoifunga kwenye sevisi ya nyuma kabla ya hii. Waliifungua, wakaifuta ikang'aa, wakaifunga tena maandishi yakitazama upande wa ndani, wakaniandikia 45,000.

Na si hilo tu. Filta ya injini hii ina sensa ya maji pale chini, unaifungua kwenye filta ya zamani na kuihamishia kwenye mpya. Waya wake ulikuwa unaning'inia, haujachomekwa! Kwa hiyo ile taa ya njano ya maji kwenye dashibodi isingewaka hata filta ijae maji. Kijana alimimina yaliyokuwemo kwenye chupa ya maji ya kunywa, tukaiacha itulie. Chini yakakaa maji yenye rangi ya kutu, katikati utando mweusi unaoteleza, juu dizeli. Hayo yote yalikuwa njiani kuelekea kwenye pampu yangu.

Nilipowapigia gereji, jibu la kwanza lilikuwa, "Mama, ile ya zamani ilikuwa bado nzima, tukaisafisha." Kama mliisafisha, 45,000 ni ya nini? Jibu la pili likaja, "Labda dereva wako ameuza mpya akarudisha ya zamani." Hapo ndipo damu ilinichemka. Kijana wa watu ananifanyia kazi kwa uaminifu, leo anaitwa mwizi na mtu aliyemtuma dukani makusudi. La tatu, "Ni mafuta mabaya ya sheli, mama, mambo ya dizeli tuachie sisi."

Siwaachii. Na nitaeleza kwa nini, kwa faida ya wanaoona hiki ni kitu kidogo.

Pampu ya dizeli ya magari haya hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Vyuma vyake vimekaa karibukaribu mno, nafasi kati yao ni ya mikroni chache, wakati unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Chembe ya mchanga usiyoiona kwa macho inakwaruza pale. Maji ni mabaya zaidi, kwa sababu hayalainishi kitu, yanaleta kutu kwenye pampu na kwenye nozo, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, na nozo ikiharibika inamwaga mafuta badala ya kuyapuliza, ndipo unaanza kuona moshi na kusikia injini inagonga. Kupima na kutengeneza pampu ni gharama ambayo ukiitaja kwa mwenye Hiace mmoja anaweza kuliuza gari. Na wenye magari mapya ya dizeli, yale ya kompyuta, msidhani mmepona. Reli yao ya mafuta inabeba presha ya zaidi ya baa 1,000, na nozo zake ni nyeti kuliko zangu. Filta ndiyo mlinzi pekee aliyesimama kati ya tenki na vyuma hivyo.

Kuhusu kupuliza filta kwa kompresa, nimeambiwa na mafundi zaidi ya mmoja kwamba "inarudi mpya". Uongo mtupu. Karatasi ya ndani imekunjwa kwa mikunjo mingi, uchafu umejibana ndani ya nyuzi zake, haukukaa juu kama vumbi la kabatini. Upepo wa kompresa unatoboa karatasi, na baada ya hapo mafuta yanapita pale palipotoboka bila kuchujwa. Gari kweli linapata nguvu, ndiyo maana mteja anaondoka akishukuru, huku uchafu unaingia moja kwa moja kwenye pampu. Eya klina unaweza kuikung'uta ukasogeza siku. Filta ya dizeli haisafishwi, inatupwa.

Nikija kwenye hoja ya mafuta mabaya, sikatai kwamba yapo. Wote tunakumbuka uchakachuaji ulivyokuwa, dizeli inachanganywa na mafuta ya taa, mpaka EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Maji nayo yanaingia, hasa masika, kwenye matenki ya chini ya sheli na kwenye madumu ya vijijini. Hata tenki lako mwenyewe ukililaza nusu tupu, ubaridi wa usiku unageuza unyevu kuwa matone. Na ukikuta tanka linashusha mafuta sheli, pita, nenda nyingine, maana tope la chini limeamshwa. Yote hayo nayajua. Lakini ni sababu ya kuweka filta mpya au ya kurudisha kuukuu? Kama mafuta yetu ni machafu, basi wizi wa filta ndio unazidi kuwa mkubwa.

Wenye magari ya petroli nao wasikilize. Mdogo wangu wa kike ana IST. Gereji nyingine kabisa, upande wa Nyakato, walimwambia wamebadilisha filta ya petroli, dakika kumi tu, boneti ikafunguliwa na kufungwa. Nilipoiona karatasi nikamuuliza, "Kiti cha nyuma kilitolewa?" Akasema hapana. Mdogo wangu, filta ya IST haipo chini ya boneti! Iko ndani ya tenki pamoja na pampu. Ili kuifikia lazima unyanyue kiti cha nyuma, ufungue kifuniko, uchomoe plagi ya waya wa pampu, uache injini izime yenyewe ili presha ya kwenye bomba iishe, ndipo utoe pampu nzima na boya lake na ile soksi ya chini. Wakati wa kurudisha unaweka oringi mpya, la sivyo harufu ya petroli inajaa ndani ya gari. Hakuna mtu duniani anayefanya hayo kupitia boneti. Na filta hiyo ya ndani haibadilishwi kila sevisi, inakaa kilomita nyingi sana. Fundi anayekuandikia filta ya petroli kila mara unapomwaga oili kwenye gari la aina hiyo anakuibia, iwe ameigusa au hakuigusa.

Spea nazo zina mambo yake. Ukienda dukani unaulizwa, "Mama, unataka orijino, ya Thailand au ya Mchina?" na zote ziko kwenye boksi lenye nembo ileile. Ya injini yangu naifahamu kwa namba, 23303-64010, kwa hiyo naitaja namba, naomba nifungue boksi, natazama nyuzi za kufungia, raba yake, na uzito mkononi. Muuzaji akikunja uso naondoka. Kuuza kopi kwa nembo ya mwingine ni kosa tangu Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kulishughulikia. Hawa nitawarudia siku nyingine kwenye uzi wao.

Ninachotaka kwa gereji ni kidogo mno hata naona aibu kukidai. Filta mpya nionyesheni kwenye boksi lake kabla hamjaifunga. Ya zamani niwekeeni kwenye ndoo, niondoke nayo, ni mali yangu, nimeilipia. Kwenye risiti andikeni namba ya spea na kilomita. Fundi mwaminifu hapotezi chochote kwa hayo, na wapo, yule wa Sengerema alifanya bila kuombwa, tena alinichaji ufundi kidogo kuliko ninavyolipa mjini. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wamefundishwa kazi hii vizuri. Wanafika gereji, wanamkuta mkubwa anayewaambia "futa, rudisha", na wanatii kwa sababu wanataka kula. Ninyi wenye gereji ndio ninaosema nanyi, si hao vijana.

Mteja wangu wa Geita alinunua dagaa kwa mtu mwingine siku ile. Hakukosea, soko halimsubiri mtu. Mzigo nikauuza kwa bei ya kutupa kabla ya mvua.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza mambo mawili. La kwanza, mnataka jina la gereji. Sitaliweka hapa. Filta ninayo, nimeifunga kwenye gazeti pamoja na karatasi yao ya 45,000, na kesho asubuhi navipeleka FCC nikafungue malalamiko rasmi. Wao ndio watawaita.

La pili, mdau ameuliza afanyeje kama anashuku filta yake haikubadilishwa. Mkuu, gari likiwa limepoa, weka chombo chini, legeza ile koki ya chini ya filta, sukuma pampu ya mkono. Kama sevisi ni ya juzi na yanatoka maji mengi na uchafu mweusi, rudi gereji na shahidi. Ukimaliza kaza koki, sukuma tena mpaka pampu iwe ngumu ndipo upige stata, maana gari likiingiza upepo litakusumbua kuwaka. Na hakikisha waya wa sensa umechomekwa. Ukiweka swichi on kabla ya kuwasha, taa ya maji inapaswa kuwaka kisha izime. Kama haiwaki kabisa, huenda balbu imekufa; waya wenyewe utazame kwa macho.

Na anayemjua fundi wa dizeli hapa mjini, Igoma, Buhongwa, Nyegezi, popote, anayefungua mbele ya mwenye gari na kumkabidhi filta yake ya zamani, ataje mtaa hapa, namba ya simu anitumie inbox. Hiace yangu inahitaji kupimwa pampu wiki hii, na kwa wale wa kwanza sirudi.