Acheni kusema Saquon Barkley alikuwa anajivuta Giants

Wakuu,

Nimevumilia sana, leo natema nyongo. Kila Saquon Barkley, mkimbiaji wa mpira wa Marekani, akitajwa, anaibuka mtu na kauli ileile: kwenye timu yetu ya New York Giants alikuwa anajivuta, alipofika Philadelphia Eagles ndipo akaamua kucheza. Mwingine anadakia kwamba mkimbiaji hawi bora kwa kubadili jezi, miguu si ni ileile? Ndiyo, miguu ni ileile! Kilichobadilika ni watu waliosimama mbele yake.

Kwa asiyefuatilia mpira wa Marekani: mkimbiaji hupokea mpira akiwa nyuma ya mabonge watano wa safu ya mbele. Hao ndio wanaowasukuma wapinzani hadi upatikane mwanya, na mwanya wenyewe hufunguka kufumba na kufumbua. Usipopatikana, jamaa anadakwa kabla hajapiga hatua ya pili, hata awe na mbio za swala.

Sasa kumbukeni Giants ya 2023. Andrew Thomas, nguzo ya safu yetu, aliumia mechi ya kwanza kabisa, ile tuliyochapwa 40-0 na Dallas. Msimu ule makwotabeki wetu, yaani wale wanaoongoza mashambulizi na kurusha mpira, waliangushwa na mpira mkononi mara 85. Themanini na tano! Nyuma ya ukuta unaovuja namna hiyo, Barkley, ambaye naye aliumia kifundo cha mguu mechi ya pili, alikimbia yadi 962 msimu mzima, wastani wa yadi 3.9 kila alipobeba mpira. Mkasema kaisha, goti lililochanika 2020 limemmaliza, asilipwe.

Machi 2024 akaondoka. Huko Philadelphia akawakuta Lane Johnson, Landon Dickerson, Cam Jurgens na Jordan Mailata, yule Mwaustralia aliyetokea kwenye raga. Wa tano alikuwa Mekhi Becton, na huyu nataka mumtazame vizuri, maana naye alikuwa mgeni. Timu yake ya zamani, Jets, walikuwa wamemwacha aondoke; kocha wa safu wa Eagles, Jeff Stoutland, akamtoa pembeni mwa safu akamhamishia ndani, akawa mtu wa kuaminika. Juu ya hao kuna Jalen Hurts, kwotabeki anayekimbia mwenyewe, hivyo wapinzani hawawezi kumkodolea macho Barkley peke yake.

Matokeo mnayajua: yadi 2,005 katika mechi 16, wastani wa 5.8, na ubingwa wa ligi, Super Bowl, juu. Rekodi ya Eric Dickerson ya 1984 ya kukimbia yadi nyingi zaidi katika msimu mmoja, yadi 2,105, ilikuwa imebaki karibu kabisa, akapumzishwa mechi ya mwisho. Oktoba 20 alikuja uwanjani kwetu akabeba mpira mara 17 akatupiga yadi 176. Ile siku iliniuma, na bado inaniuma.

Wala si yeye peke yake. Mkimbiaji mwingine, Derrick Henry, alitoka timu ya Titans na yadi 1,167, akafika timu ya Ravens akiwa na miaka 30, akapata 1,921 akikimbia pembeni ya Lamar Jackson, naye kwotabeki anayekimbia mwenyewe. Na mambo huenda kinyume pia: DeMarco Murray aliongoza ligi 2014 kwa yadi 1,845 akiwa Dallas, akahamia Eagles hawahawa, akaambulia 702. Mwaka uliofuata, Titans, akarudi hadi 1,287. Alisahau kukimbia kwa mwaka mmoja kisha akakumbuka?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mmiliki wetu, John Mara, alionekana kwenye televisheni akisema atapata shida kulala kama Barkley ataenda Philadelphia. Alijua! Akaachwa aende vilevile, na lawama zote mkambebesha kijana aliyepigwa na kuamka kwa miaka sita.

Anayeshikilia kwamba alikuwa anajivuta, aweke hapa mechi moja tu ya 2023 ambapo mwanya ulifunguliwa akakataa kuingia. Moja tu. Nasubiri.