Miaka sita nafunga hesabu za kampuni, lakini kwenye makaratasi mimi si mfanyakazi

Ndugu wanajukwaa,

Nimekaa kimya muda mrefu, kwa sababu mtu anayeishi kwa kadi ya ukimbizi hujifunza mapema kwamba kupiga kelele kuna gharama. Wiki hii uvumilivu umeniishia. Kijana niliyempokea ofisini miaka mitatu iliyopita, nikamfundisha kuanzia kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha hadi kufunga hesabu za mwaka, ametangazwa kuwa mhasibu mkuu. Simwonei kijicho, ni kijana mwadilifu, na siku ile alishindwa hata kunitazama usoni. Kilichonichoma ni jibu la afisa utumishi nilipomwuliza kwa nini jina langu halikuzingatiwa. Alinijibu kwa upole kabisa: "Mzee, kazi tunajua unaifanya wewe, lakini makaratasi yako hayaeleweki."

Naomba basi niyaeleze makaratasi hayo, msomaji aamue mwenyewe kama hayaeleweki au hayasomwi.

Niliingia Uganda mwaka 2012 kupitia mpaka wa Bunagana, katika msafara wa watu waliokuwa wakikimbia vita vya Rutshuru, mashariki mwa Kongo. Tulipokewa Nyakabande, wilayani Kisoro, kisha tukapelekwa makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja, ambako nilipewa kipande cha ardhi nilime. Hilo ni jambo ambalo nchi chache duniani humfanyia mgeni, nami sitaacha kulishukuru. Lakini mimi nilikuwa na shahada ya biashara kutoka Kongo, na mahindi yangu ya msimu wa kwanza yalimchekesha kila jirani aliyepita. Nikahamia Kampala nikijua kwamba anayeishi mjini hujitegemea. Nikaanza upya, maana uhasibu niliosoma kwetu ni ule wa mfumo wa Kifaransa, wenye orodha ya akaunti zilizopangwa kwa namba tangu daraja la kwanza, wakati huku hesabu huandaliwa kwa viwango vya kimataifa na kwa Kiingereza. Nilirudi mezani usiku baada ya kazi za vibarua, nikafanya mitihani ya CPA ya Uganda, yaani ya uhasibu wa kitaalamu, karatasi baada ya karatasi, nikarudia mbili zilizoniangusha, hatimaye nikamaliza. Sikupewa upendeleo wowote, wala sikuuomba.

Kampuni niliyo nayo sasa husafirisha mizigo kutoka Mombasa kuja Kampala na kuvuka hadi Goma, Bukavu na Bunia. Walinichukua kwa sababu mteja wa Bukavu huandika barua kwa Kifaransa, dereva wa Mombasa hulalamika kwa Kiswahili, na mkaguzi hudai majibu kwa Kiingereza, nami ninayamudu yote matatu. Kwa hiyo Ukongo wangu ndio ulionipa kazi, na Ukongo huohuo, ilipofika siku ya kupanda cheo, ukawa dosari.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu ndipo penye ubishi wote. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 kinampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kupata kazi ya kipato, na pia haki ya kufanya kazi ya taaluma yake ikiwa sifa zake zinatambuliwa na mamlaka za hapa. Sifa zangu zimetolewa hapahapa. Zikaja Kanuni za mwaka 2010, ambazo kanuni yake ya 64 inasema mkimbizi aliyetambuliwa aruhusiwe kufanya kazi ya ujira kwa masharti bora yanayopewa wageni wengine walio katika hali kama yake, na asamehewe ada na tozo zozote zinazotakiwa kabla ya kuanza kazi au ya kuendelea nayo. Hapo kwenye neno "ada" ndipo waajiri wengi hujificha. Mmoja husoma kwamba mkimbizi hahitaji kibali cha kazi, kwa kuwa kadi yake inatosha. Mwingine husoma kwamba kibali kinahitajika, ila hakilipiwi. Afisa utumishi wetu amebuni usomaji wa tatu, kwamba maadamu watu wanabishana, salama ni kutoniajiri.

Lakini kazi yangu wanaitaka! Kwa hiyo walinipa jina lingine: mimi ni "konsalta". Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, na umesainiwa upya mara ishirini na kitu. Ninaingia ofisini saa mbili asubuhi kama wengine, nina meza na ufunguo wa kabati la vocha, na dereva akikwama Malaba, mpakani na Kenya, kwa kukosa fedha za njiani, ni mimi ninayepigiwa simu saa nane za usiku. Likizo sina. Nilipougua malaria mwaka jana nilikatwa siku nne.

Kila mwisho wa mwezi ninafungua vitabu na kuandika malipo yangu kwa mkono wangu mwenyewe chini ya fungu la huduma za kitaalamu, fungu ambalo juu yangu kuna bili ya wakili na chini yangu kuna fundi wa kompyuta. Kwenye shilingi 2,400,000 ninajikata kodi ya zuio ya asilimia 6, yaani shilingi 144,000, halafu ninajiandikia hundi. Baada ya hapo nafungua orodha ya mishahara, ambamo jina langu halimo, na kumkokotolea kila mfanyakazi kodi yake ya mshahara na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 kutoka kwake na 10 kutoka kwa mwajiri. Mfagizi wetu, mama mmoja mwema wa Katwe, anawekewa akiba ya uzeeni, na anastahili. Mimi ninayemwekea akiba hiyo sina hata senti. Mhasibu hawezi kujizuia kupiga hesabu: asilimia 10 ya malipo yangu ni shilingi 240,000 kwa mwezi, na kwa miezi 72, kwa kuwa malipo hayo hayajawahi kupanda tangu siku ya kwanza, ni shilingi 17,280,000 ambazo kampuni imebaki nazo, bila kutaja riba wala sehemu yangu mwenyewe.

Nami nauliza swali ambalo hakuna aliyenijibu. Ikiwa kweli wanaamini kwamba sheria hainiruhusu kufanya kazi, je, inaniruhusu nikiitwa konsalta? Kazi ni ileile, meza ni ileile, na saa ni zilezile. Kilichobadilika ni mfuko unaobaki na fedha. Hofu ya sheria ingekuwa ya kweli, wangenifukuza miaka sita iliyopita, au angalau wangeandika barua kuuliza. Hawajauliza, kwa sababu jibu lingewagharimu. Sheria ya Ajira, ambayo nayo ni ya mwaka 2006, inakataza kubagua mfanyakazi kwa asili ya taifa lake, na kifungu hicho nimekichapisha na kukiweka juu ya meza ya afisa utumishi. Nilikikuta siku ya pili kimegeuzwa, upande wa nyuma pameandikwa oda ya chakula cha mchana.

Kisha kuna suala la tarehe. Kadi yangu ilimaliza muda mwezi wa Machi. Niliomba mpya kwa wakati, nikapewa barua yenye muhuri inayosema ombi langu linashughulikiwa. Wakimbizi nchini tunazidi milioni 1.5, kwa hiyo sina ugomvi na foleni. Ugomvi wangu ni na wale wanaoamini kwamba hadhi ya mtu hufa usiku wa tarehe iliyochapwa kwenye plastiki. Ukimbizi haukwishi kwa kadi kukwisha, kama vile ndoa haivunjiki kwa cheti kuliwa na mchwa. Mjaribu kumweleza hayo karani wa benki! Nilisimama dirishani kwake nikiwa nimeishika kadi, na nakiri kwa aibu kwamba dole gumba langu lilikuwa limefunika tarehe. Akaivuta taratibu, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Ssebo, ndaga muntu iko wapi?" Nikamweleza kwamba mkimbizi hana ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa. Akaniambia nisubiri pembeni, nikasubiri kuanzia saa nne hadi saa saba, na nyuma yangu wakahudumiwa watu ambao miamala yao ya kampuni nilikuwa nimeiandaa mimi asubuhi ileile.

Najua kuna watakaonishauri kama walivyonishauri marafiki: "Kaka, Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, chukua pasipoti ya kwenu, uje kama mwanajumuiya." Ushauri huo unatolewa kwa moyo mzuri, lakini ni mtego. Mkimbizi anayekwenda kwa hiari yake kujiweka tena chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na sheria ya Uganda inaufuata. Nikichukua pasipoti hiyo nitakuwa nimeachia tawi moja kabla ya kushika lingine. Mkataba wa nchi za Jumuiya kutambuliana sifa za wahasibu wao nao ulitiwa saini mwaka 2011, zaidi ya miaka kumi kabla ya Kongo kuingia. Wengine husema niombe uraia. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilieleza kwamba mkimbizi hawezi kupata uraia kwa kusajiliwa, ila anaweza kuomba tajinisi, yaani uraia anaopewa mgeni aliyeishi nchini muda mrefu. Mlango huo upo kwenye hukumu. Mimi binafsi sijakutana na mkimbizi hata mmoja aliyeupita.

Hasara nyingine ni ndogo ndogo, ila zinalimbikizana. Kila robo mwaka mtu wetu huenda Mombasa kulinganisha hesabu na mawakala wa forodha. Mganda huvuka Malaba kwa kitambulisho chake cha taifa, utaratibu uliopo kati ya Uganda, Kenya na Rwanda tangu mwaka 2014. Mimi siwezi. Kwa hiyo huenda yule kijana, nami hukaa Kampala nikimwelekeza kwa simu karatasi gani aidai na nani asimwamini. Na tathmini ya mwaka ilipoandikwa, yeye alipata alama za "uzoefu wa kikanda".

Sikuja hapa kuomba huruma, na wanaotaka kuniambia nirudi kwetu wasijisumbue kuandika. Ninachotaka ni taarifa. Kama yupo mkimbizi mwenzangu, awe mhasibu, mhandisi au muuguzi, aliyepewa ajira ya kudumu katika kampuni binafsi, akaingizwa kwenye orodha ya mishahara na NSSF kwa kadi yake ya ukimbizi bila kibali kingine, naomba aeleze alionyesha barua gani na iliandikwa na nani. Na kama yupo aliyewahi kufikisha suala la "ukonsalta" wa namna hii kwa afisa wa kazi wa wilaya, aniambie lilichukua muda gani, na kama alibaki kazini baada ya hapo.

Leo ni tarehe 13. Ritani za kodi ya mishahara na michango ya NSSF zinatakiwa kufika kabla ya tarehe 15 kwisha, na mhasibu mkuu mpya amenitumia ujumbe jioni hii akiomba nimwandalie zote mbili, kwa sababu bado hajui zinavyojazwa.