Mama anatakiwa kupimwa mkono kwa roboti baada ya kiharusi. Ni tiba?

Nuru_Calgary
Habari zenu wadau. Mama yangu alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea kabisa. Nashukuru nguvu zimerudi, sasa anakunja ngumi na kujifunga kilemba mwenyewe. Lakini akibeba kikombe kwa mkono ule huku anaongea na mtu, kinamponyoka bila habari. Juzi kidole kiligusa sufuria ya moto, hakushtuka. Hapa Calgary, Kanada, wamemwomba apimwe kwa roboti iitwayo Kinarm. Anauliza kama itamvunja. Mimi nauliza, wanatafuta nini ambacho fizio, yule wa mazoezi ya viungo, hajakiona?

Mzee_Fizio
Mpe mama pole, binti yangu. Nimehudumia wagonjwa wa kiharusi Ontario miaka mingi. Haimvunji mtu. Anakaa kitini, mikono inalazwa kwenye vyuma vinavyoibeba, mbele yake vinatokea vidoti vya mwanga avifikie. Mashine inarekodi alichelewa kiasi gani kuanza na mkono ulipinda wapi njiani. Aliyeibuni ni Stephen Scott wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kingston, na hapo kwenu Dkt. Sean Dukelow ameitumia sana kwa kiharusi.

Ni kipimo, si tiba. Kinachomhusu mama hasa ni hiki: mikono inafunikwa asiione, roboti inausogeza wa kushoto na kuuacha mahali, naye auweke wa kulia vivyo hivyo upande wa pili, kama anavyojiona kwenye kioo. Nimemwona mtu mwenye nguvu za kubeba ndoo akiuweka mbali kabisa, na anaapa ni hapo hapo. Kipimo cha Fugl-Meyer tunachotumia tangu 1975 kinatoa 0, 1 au 2 kwa kila tendo, jumla ya juu kwa mkono ni 66. Ni kizuri, ila alama hizo ni za mwendo. Watafiti wa Calgary waliandika mwaka 2015 kwamba mwendo na hisia havirudi sambamba: wapo ambao mkono unatii, lakini hawajui uko wapi. Mpeleke. Na usikubali mtu akwambie amepona kwa sababu ana nguvu.

Kaka_Likoni
Shikamoo mzee. Sisi tulio Mombasa bila roboti tufanyeje? Baba yangu ana shida hiyo hiyo.

Mzee_Fizio
Marahaba. Mfumbe macho. Shika mkono wake ulioathirika, uweke juu, pembeni, chini, kila mara mwambie akamate kidole gumba cha mkono huo kwa ule mzima, usio na kasoro. Akipapasa hewani au akifuata mkono kuanzia kiwiko hadi akakifikia, hisia ya mahali ina kasoro. Mwambie fizio wake alivyofanya, maana wengi wanashughulikia nguvu tu. Huku nyumbani, maji ya kuoga ayapime kwa mkono mzima, na akishika kitu kwa ule mwingine autazame mpaka akiweke chini. Nuru, na mama vilevile, kuanzia leo.