Ni panya gani anayefaa kuchunguza kisukari cha kinga kwa watu wazima?

Mwanafunzi_Ibanda
Wakubwa zangu, nasomea udaktari hapa Bukavu, na kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu kisukari cha LADA, yaani kile ambacho kinga ya mwili hushambulia kongosho la mtu mzima polepole, hata akatibiwa kwanza kwa vidonge kama mgonjwa wa aina ya pili. Msimamizi wangu anapendekeza panya waliodungwa kemikali ya streptozotosini. Je, wanafaa?

Docta_Kadutu
Ndugu, kwa swali lako hawafai. Dozi moja kubwa ya streptozotosini huua seli za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini, kwa sumu yake yenyewe, kinga isihusike. Dozi ndogo zikirudiwa huleta uvimbe kwenye visiwa vya Langerhans, yaani vikundi vya seli za kongosho ambamo seli za beta zimo, lakini chanzo bado ni kemikali. Wanaougua bila kudungwa kitu ni panya wadogo wa ukoo uitwao NOD, ambao Wajapani waliwatangaza mwaka 1980, na majike huugua zaidi kuliko madume.

Mama_Maabara
Docta amesema kweli, ila hata NOD si LADA. Sukari yake ikishapanda, mnyama huyo hudhoofika upesi asipopewa insulini, ilhali moja ya vigezo vya LADA ni mgonjwa kukaa angalau miezi 6 tangu kugunduliwa bila kuihitaji. Panya wakubwa wa ukoo uitwao BB, waliogunduliwa Kanada katika miaka ya 1970, huugua ghafla zaidi, tena wale wanaotumika sana wana upungufu wa limfosaiti (chembe nyeupe za damu za kinga), jambo ambalo wagonjwa wetu hawana. Mimi ningewatazama madume wa NOD: wengi wao hupata uvimbe kwenye visiwa lakini hawafiki kwenye kisukari, na kinachowazuia ndicho kinachokaribia swali lako.

Kuna jambo la makazi pia. NOD wakiishi penye vijidudu vingi, kisukari hupungua kati yao. Ukiwafuga katika chumba ambacho panya wa mtaani hupita usiku, unaweza kungoja ugonjwa usiokuja.

Mwanafunzi_Ibanda
Asante, Mama. Basi niache wanyama kabisa?

Mama_Maabara
Kwa uwezo tulio nao, ndiyo, mwanangu. Chukua watu wazima wanaotumia vidonge, hasa wembamba ambao sukari yao haishuki, uwapime kingamwili za GAD, zinazoonyesha kwamba kinga inashambulia kongosho, baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili. Hakikisha tu kwamba friza ya seramu (majimaji ya damu yatakayopimwa) ina jenereta, maana umeme ukikatika na sampuli zikayeyuka na kuganda mara kwa mara, majibu yake hayataaminika.